Divai Iliyofika Kihanga Imefunguliwa

Chupa ikiwekwa mbele yangu, sianzi na jina lake. Naanza na kizibo. Naangalia kama ile pete ya chini bado imeshikana na kizibo au imekatika, kisha stempu ya kodi, kama haijabanduliwa na kubandikwa tena, kisha naangalia mvinyo umefika wapi shingoni. Jina nalisoma mwisho. Jina mtu yeyote mwenye printa anaweza kulichapa.

Tabia hii haijanipa marafiki. Mtu amekukaribisha kwa moyo mweupe, wewe unainua glasi yake dirishani kama mpimaji wa maabara aliyeletewa mkojo. Lakini nimeonja kwingi na nimedanganywa kwingi. Kuna mji mmoja wa ziwani nilikouziwa chupa yenye picha ya jumba la Kizungu na mashamba yake yamepangwa vizuri, na ndani mlikuwa na maji ya rozela, sukari na gongo. Muuzaji alikuwa mtu mpole sana. Tangu hapo hata upole naupima.

Nilizaliwa Nyaishozi, katikati ya migomba na mibuni, na shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Lori la kahawa lilisimama barabarani, dereva akitafuta mtu wa kukaa juu ya magunia, nami nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Haijaisha hadi leo. Nimekaa mahali pengi, na nilipokaa zaidi ni Dodoma. Nilikata zabibu, nikaosha matangi kwenye kiwanda kidogo, nikaruhusiwa kuonja kila kitu: maji ya zabibu ya siku ya kwanza, kinachochemka, kilichotulia, na hasa kilichoharibika. Ulimi wangu ulisomea pale, na sehemu kubwa ya masomo yake ilikuwa mambo yaliyoharibika. Pengine ndiyo maana mpaka leo unatafuta kasoro kwanza.

Siku hizi mvinyo umeingia kila mahali, na mimi naushuku kila unapoingia. Una majina matatu, na mtu akitaja mojawapo najua anauchukuliaje. Kwenye lebo ni mvinyo. Kanisani ni divai. Baa ni waini, na waini ya baa ni nyekundu, tamu kama sharubati, inatiwa barafu, wengine wanaichanganya na soda na kusema inaongeza damu. Nimewauliza wengi damu hiyo imepimwa wapi. Harusini wanaweka chupa moja katikati ya kila meza, na nimegundua kwamba mara nyingi haifunguliwi, inapigwa picha. Umekuja na wa maboksi, wenye kibomba. Umekuja na wa ndizi, wa chupa, unaonukia ndizi kiasi kwamba unajua ni manukato. Sisi tuliokulia kwenye rubisi, pombe ya ndizi, tunajua ndizi ikishachacha hainukii ndizi. Inanukia mtama uliokaangwa na uji uliolala, na moshi kidogo. Mvinyo wa ndizi unaonukia ndizi mbivu una jambo unaloficha.

Basi nilikuwa nimerudi Karagwe, nanunua maharage kwa niaba ya mtu mwingine, shemeji yangu aliponipigia simu. Huyu ni mume wa dada yangu, anaishi Kihanga, mzee wa kanisa, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayeshuku kuliko mimi.

"Jumamosi watu wa Nkwenda wanaleta posa ya mwanao," alisema. Mwana wangu kwa maana ya mpwa: binti yao mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. "Nimewaambia rubisi sitaki. Watu wakinywa rubisi wanaanza kuimba, na mimi nataka kuwasikia wanavyoongea. Nimewaambia walete divai. Wewe si ndiye unajiita mjuzi wa divai?"

"Sijiiti, shemeji. Watu ndio wananiita."

"Sasa njoo ujulikane una kazi gani duniani. Uionje. Kule kwao ni mpakani, kila kitu kinavushwa. Nikikuta jambo moja tu limepinda, wanarudi na gari lao."

Alikuwa na sababu yake. Mchumba wa kwanza wa binti huyu alikuja na suti na maneno mazuri, mahari ikawa imekwisha kuzungumzwa, ndipo ikajulikana ana mke na watoto upande wa pili wa mpaka. Shemeji aliaibika kanisani. Binti aliaibika kila mahali. Sasa alikuwa na miaka thelathini na kitu, na huyu wa Nkwenda, mnunuzi wa mazao, alikuwa amemchagua mwenyewe.

Nilifika Kihanga Jumamosi mapema. Binti alinikuta nyuma ya nyumba, nanawa vumbi la bodaboda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejipaka unga wa ngano?"

"Ni poda, mjomba." Hakucheka sana. "Baba kasema wewe ndiye utaonja."

"Ndiyo."

"Basi naomba uonje kama mjomba. Usionje kama polisi." Akasogea karibu. "Huyu akirudishwa, mimi sileti wa tatu. Nimemwambia mama, na wewe nakuambia. Hakuna wa tatu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ni neno ambalo mimi mwenyewe nikiambiwa huwa nashika mfuko.

Wageni walikuja na gari la kukodi, jekundu kwa vumbi mpaka vioo. Walikuwa wachache: kijana mwenyewe, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema kitu, mama yake, mjane mfupi aliyevaa kitenge kipya, baba zake wadogo wawili, na mshenga, mwanamume mrefu wa maneno mengi, mwenye asili ya Bukoba, aliyesalimia kana kwamba anahutubia. Dada yangu akapitisha kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kila mmoja akachukua punje zake, tukatafuna, tukaulizana habari za mvua. Shemeji alitafuna polepole akimtazama kijana viatu.

"Sasa," akasema mshenga, "baba mwenye mji, ulituagiza kinywaji cha heshima. Nkwenda hatuna ubishi. Tumeleta."

Baba mdogo mmoja akaenda kwenye gari akarudi na katoni, akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Hilo la kwanza. Katoni ya dukani hufungwa kwa gundi na utepe. Nikafungua kamba, nikatoa chupa ya kwanza. Mvinyo mwekundu wa Dodoma, ninaoujua. Nikashika kizibo.

Kilizunguka bila mlio.

Kizibo kipya kinapofunguliwa kinakatika, kinasema *krak*, na kila anayependa mvinyo husubiri mlio huo. Hiki kilizunguka kimya, na pete ilibaki inacheza shingoni. Nikaiweka chini, nikatoa ya pili. Vilevile. Ya tatu vilevile. Nikazitoa zote, nikazipanga mezani, na sikuwa nimesema neno, lakini chumba kilikuwa kimekwisha kunielewa.

"Shemeji?" akasema mwenye nyumba.

"Zimefunguliwa," nikasema. "Zote."

Mmoja wa baba wadogo akaacha kutafuna. Mshenga akacheka kicheko kifupi.

"Ah, hizo ndivyo zinavyotoka dukani! Siku hizi viwanda vinabana matumizi, vizibo vinakuwa laini..."

"Bwana mshenga," nikamwambia, "mimi nimeosha matangi ya viwanda hivyo. Hakuna kiwanda kinachotoa kizibo hiki kikiwa wazi."

"Basi barabara. Barabara ya kutoka kwetu mnaijua, gari linatikisika..."

"Gari linatikisika mpaka linafungua vizibo na kuvirudishia?" akauliza dada yangu kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika sinia. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaguna.

Shemeji hakupandisha sauti. Akifikia hapo huwa anaishusha. "Mmetaka kutunywesha nini, watu wa Nkwenda? Mmekusanya chupa za lodji mkajaza maji ya rangi? Au mmeona Kihanga hatujui divai?"

"Baba, tusifike huko," akasema mshenga.

"Nimefika zamani. Niliwahi kuletewa mkwe aliyekwisha funguliwa. Leo naletewa na divai iliyokwisha funguliwa."

Kuna mtu alicheka uani, akanyamazishwa. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Hakunitazama mimi, alitazama mezani, chupa zile zilizosimama mstari kama washtakiwa. Kijana wa watu, aliyekatazwa kusema, alikuwa amefumbua mdomo na kuufumba kama samaki. Mama yake alimvuta shati.

"Mjomba wa bibi harusi aonje," akasema baba mdogo mwingine. "Si ndiyo kazi yake? Aonje, aseme ni maji au ni divai."

Nikamimina kidogo. Rangi ilikuwa yenyewe. Harufu ilikuwa imekwenda. Badala ya matunda kulikuwa na ubapa, kama chumba kilichofungwa, na nyuma kabisa, kwa mbali, siki. Nikaonja. Utamu upo. Uhai haupo. Ulimi wangu, kama kawaida yake, ukaanza kuandika hati ya mashtaka: umechanganywa, umelala juani, umetoka kwenye masalio ya glasi za watu. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hivyo, na sijui kwa nini nilitazama tena zile shingo za chupa.

Mvinyo ulikuwa umepungua. Ulipungua upana wa kidole, na katika kila chupa ulipungua sawasawa. Hapo nikasita. Anayeghushi hujaza. Akichota, anarudishia maji mpaka juu ili usione. Sijawahi kukutana na mwizi anayechukua kidogo kidogo kwa usawa kutoka kila chupa, halafu analiacha pengo lionekane.

"Nani alizifungua?" nikauliza. "Siulizi kwa ubaya. Kuna mtu kanywa hapa, kila chupa, fundo moja."

Mshenga akaanza, "Hakuna mtu..."

"Ni mimi," akasema yule mjane.

Alisema kwa sauti ya mtu anayejibu jina lake kliniki. Wote tukamgeukia.

"Nimezifungua mimi, Jumatano, mwanangu alipozileta. Mnashangaa nini? Nyie nyumbani kwenu mnampa mgeni kinywaji ambacho hamjakionja?"

Mimi niliyekulia Nyaishozi nilipaswa kulijua hilo. Kwetu anayetoa kibuyu cha rubisi hunywa kwanza mbele ya anayepewa, apate kumwonyesha kwamba hakuna kitu ndani. Watoto wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kibuyu hakina pete, kinazibwa kwa jani la mgomba. Kinachoaminiwa ni mdomo wa mtoaji. Lakini hakuna mtu chumbani mle aliyewahi kulifikiria jambo hilo kwa chupa ya dukani.

"Leo wangesimama wanaume kutoa," akaendelea. "Mimi nisingepata nafasi. Nikasema nionje nyumbani, kila moja, maana huwezi kujua ipi ina kitu. Na mimi pombe sinywi, waitu, jamani! Nilionja kwa ajili yenu. Nililala na viatu siku ile."

Baba mdogo mmoja akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Kwa nini mshenga wenu hakusema hivyo?" akauliza shemeji.

"Hakujua. Kazi yake kuongea, si kujua."

Hapo uani wakacheka waziwazi. Lakini shemeji hakucheka, na kusema kweli mimi pia sikucheka. Maneno mazuri yanakuja kirahisi kwa mtu aliyebanwa. Nikamuuliza, "Mama, ulipoonja, zilifanana zote?"

Akafikiri. "Hazikufanana. Moja ilikuwa mbaya. Ilinikausha ulimi kama nimeuma ndizi mbichi. Nikamwambia mwanangu hii imeoza, tuitupe. Akasema acha, mama, labda ndiyo wanayoipenda wanaojua."

Sikuwa nimeonja zaidi ya moja. Zote zilikuwa na lebo ile ile, rangi ile ile. Nikaanza kumimina, chupa kwa chupa, wote wakinitazama koo. Tamu. Tamu. Tamu. Nilipofika ile ya mwisho kabisa, ufizi ukajikunja. Nikageuza chupa, nikatafuta yale maandishi madogo chini, ambayo hata mimi nilikuwa sijayafikia. Mvinyo mkavu, usio na sukari. Muuza duka alipungukiwa na tamu, akajazia katoni kwa moja kavu bila kusema. Nimesikia watu wengi wakieleza mvinyo mkavu, wengine wakitumia maneno ya vitabuni. Ndizi mbichi sikuwahi kuisikia, na sijasikia bora kuliko hiyo.

"Ipo," nikasema. "Ni hii. Haikuoza, mama, ndivyo ilivyo."

"Maskini wanaoipenda," akasema.

"Sawa," akasema shemeji. "Hilo linaonyesha kwamba alionja. Halionyeshi kwamba hakutia kitu baada ya kuonja. Wala halionyeshi nani mwingine aligusa tangu Jumatano."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefikiria hivyo hivyo. Chupa iliyofunguliwa inamsikiliza kila mtu.

Mjane akasimama. "Baba, nitie nini? Nataka mwanangu apate mke, au apate kesi?" Akaja mezani, akachukua glasi iliyokuwa mbele yangu, akaisukuma kando. "Leteni glasi safi. Moja tu." Dada yangu akaleta. Mjane akamimina kutoka chupa ya kwanza, akapiga goti moja sakafuni kama wanavyofanya wanawake wa kwetu wakimpa mkubwa, akanywa nusu huku amefumba macho kwa uchungu wa mtu anayekunywa dawa, kisha akainua ile nusu iliyobaki kwa mikono miwili, mbele ya shemeji.

Shemeji hakuipokea. Alinigeukia mimi.

"Wewe. Unasemaje?"

"Imechoka," nikasema. "Ilifunguliwa siku tatu zilizopita, ikakaa kwenye joto, ikatikiswa njiani. Harufu imepotea. Lakini ni yenyewe."

"Haikuchezewa?"

"Haikuchezewa."

"Una uhakika?"

Ile siki niliinusa tena, kwa mbali. Siku tatu zinaweza kuleta siki. Vitu vingine pia vinaweza. Kule kiwandani ukiulizwa swali kama hilo bila kipimo, jibu lilikuwa moja tu, sijui, na aliyejibu vingine alirudishwa kuosha matangi. Mjane alikuwa bado amepiga goti, ameinua glasi. Mlangoni, aliposimama binti, sikutazama.

"Nina uhakika," nikasema.

Shemeji akaipokea glasi, akanywa mpaka chini. Akakunja uso.

"Hii ndiyo divai ya heshima?"

"Ulitaka divai," akasema mjane akijikongoja kusimama. "Mimi nilisema tulete rubisi."

Basi ikawa vicheko, mshenga akapata tena sauti yake, mahari ikazungumzwa, wakabishana kidogo juu ya mbuzi wa shangazi, wakakubaliana. Dada yangu, ambaye anamjua mumewe, alikuwa na rubisi imefichwa jikoni tangu juzi. Ilipotolewa, hakuna aliyenikumbuka mimi wala katoni yangu. Waliimba, kama shemeji alivyohofia, na yeye ndiye aliyeanzisha.

Nilikaa nje karibu na mibuni nikimwangalia mshenga. Sikumwamini bado. Mtu aliyedanganya mara mbili kwa jambo asilolijua angefanya nini kwa jambo analolijua? Nilitaka kumuuliza walinunua duka gani, nani alibeba katoni, ililala wapi siku zile. Nikajikuta nimesimama, kisha nikakaa tena.

Wageni walipoondoka, nilimkuta binti uani anasuuza glasi kwenye beseni. Poda ilikuwa imeshuka yote. Alinisogezea kigoda kwa mguu.

"Asante, mjomba."

"Mshukuru mama mkwe wako. Ana ulimi yule."

Akasuuza nyingine, akaigeuza juu ya kitambaa. "Mjomba, nikuulize. Ungekuta imechezewa kweli, ungesema?"

"Ningesema," nikajibu, kwa sauti ile ile niliyomwambia nayo baba yake kwamba nina uhakika.

Mikono yake ikatulia majini. Alinitazama usoni, bila hasira.

"Haya," akasema, na akaendelea kusuuza.